Mkebe Mmoja Mezani

Jumanne, 4 Februari
Gawie anasema anayejaza risasi bila daftari ni kama mpishi anayetia chumvi akiwa amefumba macho. Basi nimejichukulia daftari hili kwenye rafu ya duka langu la dawa. Lilikusudiwa namba tu: uzito wa baruti, aina ya ganda, urefu wa risasi, tarehe. Lakini pembeni pana nafasi ya maelezo, na mimi sijawahi kuwa mtu wa maneno machache.

Nimeolewa na Gawie Terblanche miaka thelathini na mitatu, na miaka yote hiyo nimekichukia chumba chake cha nyuma. Nilikiita mke mwenza. Jumamosi zangu ngapi kimekula, pamoja na ile mashine yake ya kushindilia risasi na mikebe yake ya baruti! Leo nimekaa mwenyewe kwenye kiti cha huyo mke mwenza.

Sababu ni mikono ya Gawie. Ilianza kutetemeka majira ya baridi yaliyopita. Kwanza kikombe, halafu vifungo vya shati. Daktari alisema si ugonjwa wa kuua, ni wa ukoo, na kweli marehemu baba mkwe alikuwa akinywa supu kwa kushika bakuli kwa mikono miwili. Lakini Jumapili nilimkuta Gawie amepiga magoti chumbani mle anafagia baruti iliyomwagika. Fundi aliyepanda nusu ya pampu za maji za upepo za wilaya hii, anafagia bila kuniangalia usoni.

Nikamwambia, "Hebu nipishe."

"Wewe?"

"Mimi nimepima dawa za watoto wachanga miaka thelathini. Baruti yako ndiyo itanishinda?"

Akakubali kwa sharti moja: Faan asijue. Faan Kotzé ni rafiki yake tangu darasa la kwanza na mshindani wake tangu darasa la kwanza hilohilo. Akijua, alisema Gawie, tutachekwa hadi mbinguni.

Jumatano, 5 Februari
Mvua. Somo la kwanza: mezani unakaa mkebe mmoja wa baruti, hakuna wa pili. Kuna baruti ya bunduki kubwa ya shabaha, na kuna ile kali, ya haraka, ya bunduki ndogo ya mbweha. Ukizitazama ni kama mapacha. "Ukitia ya mbweha kwenye kubwa," Gawie alisema, "bunduki inakupasukia usoni." Nimebandika karatasi juu ya kila mkebe na kuandika uzito wake, kama tunavyofanya dukani kwa dawa zinazofungiwa kabatini. Gawie alicheka. Acha acheke.

Jumamosi, 8 Februari
Uwanja wa shabaha, mita mia tatu. Risasi zangu tano zimetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Faan amesema kwa niaba ya watu wote: "Gawie, unalenga karatasi au unalenga Lesotho?"

Alhamisi, 13 Februari
Nimemjua mchawi! Ni feni. Upepo wa feni ya darini unausukuma mzani, unadanganya juu, unadanganya chini. Miaka yote Gawie amekuwa akipima baruti pamoja na upepo. Nimeizima, na ninatoka jasho kwa furaha.

Jumamosi, 15 Februari
Juzi nilipima pia maganda matupu, moja moja, nikatenga mazito na mepesi. Leo asubuhi Gawie amelala kifudifudi, mkanda wa bunduki umemkaza mkono, amepiga tano. Ntate Rantsane, yaani Baba Rantsane kwa Kisotho, msimamizi wa uwanja, polisi mstaafu asiyecheka ovyo, alichungulia kwenye darubini yake, akachungulia tena. Matundu yote matano yangefunikwa na kizibo cha chupa ya jemu.

Faan akaja mbio na tumbo lake. "Umezinunua wapi?"

"Nimejaza mwenyewe," Gawie akasema, huku mikono ameificha mifukoni.

Sikujua kwamba tundu kwenye karatasi linaweza kumfurahisha mtu hivi. Njiani niliimba. Gawie aliniuliza kama ninaumwa.

Jumatano, 19 Februari
Puseletso, msaidizi wangu dukani, ambaye huniita Mme, yaani mama, alinijia nyuma ya kabati akinong'ona, "Mme Nella, Ntate Faan yuko kule anasoma pakiti ya nepi. Dakika ya kumi hii."

Nikatoka. Faan aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akanivuta pembeni kwenye dawa za mafua.

"Shemeji, yale maandishi kwenye boksi la risasi la Gawie ni mwandiko wako. Usibishe. Nimenunua dawa za presha kwako miaka kumi na miwili, mwandiko wako naujua kuliko wangu."

Nikajua siri ya mikono imetoka. Kumbe sivyo. Yeye alidhani Gawie amenifanya karani wake. Lililomleta lilikuwa lake mwenyewe: macho. La kushoto lina mtoto wa jicho, upasuaji ni Julai. La kulia linaona mwewe akiwa juu ya mlima, lakini mistari ya mzani halioni. Mwezi mzima amekuwa akijaza risasi kwa kukisia.

"Kwa kukisia, Faan? Unataka kufa?"

"Ndiyo nimekuja. Wewe umeona anavyofanya. Nifanyie na mimi. Lakini Gawie asijue. Ataniita babu mpaka kaburini."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Wazee wawili, kila mmoja anamficha mwenzake uzee! Ningeweza kumaliza mambo pale pale kwa sentensi moja. Lakini anayoambiwa mwenye duka la dawa hayatoki dukani, na ya Gawie nilikwisha kuapa. Nikamwambia alete maganda yake na vibali vyake. Jumatano mchana Gawie huenda mashambani kukagua pampu.

Alipotoka, Puseletso akauliza, "Amepona?"

"Amepona nini?"

"Alichokuwa anaumwa. Ameondoka anapiga mluzi."

Jumamosi, 1 Machi
Wote wawili wamepiga vizuri ajabu. Wanatukanana kama vijana. Nimekaa katikati yao na chupa ya kahawa na biskuti ngumu za kuchovya, najua kila risasi inayoruka kushoto na kulia kwangu imetoka mikononi mwangu. Nimemshangilia Faan kwa bahati mbaya. Gawie amenitazama.

Jumamosi, 8 Machi
Mita mia sita, upepo wa kuvuka. Kwa umbali huo mtetemo mdogo wa kiwiko unakuwa hatua nzima kwenye shabaha. Gawie amekosa karatasi mara mbili. Si risasi, si upepo. Faan hakutania, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Nyumbani alisema, "Nitaacha baada ya mashindano ya Aprili. Au kabla."

Nikamwambia kuna kundi la wanaopiga bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya kiegemeo, mikono haibebi kitu.

"Kupiga shabaha juu ya mito! Hiyo ni michezo ya wodini, Nella." Maneno ya Faan hayo, nimeyasikia akiyasema mwaka juzi, na Gawie akicheka. Sasa yamemkaa shingoni.

Jumatano, 12 Machi
Nimefanya haraka leo. Nilikuwa nimejaza za Gawie, nikaanza ishirini za Faan, mara nikasikia gari getini saa tisa badala ya saa kumi na moja. Nilisukuma baruti kabatini, nikafunika vilivyobaki kwa taulo, nikatoka kumpokea Gawie na uso wa mwizi. Alikuja kuchukua spana tu. Alipoondoka nilirudi nikamalizia mbio mbio. Boksi nimempa Faan jioni dukani. Siipendi biashara hii ya kujificha.

Jumamosi, 15 Machi, jioni
Mkono wangu leo unatetemeka kuliko wa Gawie. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi wanaume walitangulia uwanjani. Mimi nilibaki kupanga chumba, na kwa mazoea yangu ya dukani nikapima mikebe nione kama uzito unalingana na karatasi. Mkebe wa baruti ya shabaha ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Nikafikiri nimekosea kutoa. Nikaupima mkebe wa mbweha. Umepungua. Gawie hajapiga mbweha tangu Krismasi.

Nilikaa sakafuni. Nikaiona Jumatano yote kama picha: taulo, gari, mkono wangu unasukuma vitu kabatini kwa pupa, halafu Gawie ameondoka, mkono wangu unarudi kabatini na kutoa mkebe. Sikusoma karatasi. Mimi, ninayemgombeza Puseletso asome jina la dawa mara tatu!

Nikapiga simu ya Faan. Inaita. Ya Gawie, inaita. Simu huachwa kwenye magari, na masikio yao yamezibwa. Ntate Rantsane, hivyo hivyo.

Kilomita kumi na nne za vumbi. Nimeendesha kwa ndala na aproni ya jikoni. Niliomba njia nzima, na sala yangu ilikuwa neno moja: bado, bado, bado. Maana nilijua Faan anavyotumia boksi, anaanza juu kushuka chini, na nilizojaza mwisho niliziweka chini.

Bendera nyekundu ilikuwa imepanda. Milio ilikuwa inasikika, mmoja, halafu kimya, halafu mwingine. Sheria ya kwanza ya uwanja ni kwamba hakuna anayekimbilia mstari wa wapigaji. Niliukimbilia. Ndala moja ilibaki kwenye majani. Nilipunga aproni nikipiga kelele, sijui nilisema nini. Puseletso angesema nilikuwa nalia kama bata.

Ntate Rantsane alinyanyua mkono na sauti yake ya kipolisi ikatoka: "Acheni kupiga! Acheni wote! Fungueni bunduki!"

Faan alikuwa amelala, shavu kwenye kitako, kidole kwenye triga. Alifungua bunduki. Risasi ikaruka, ikaanguka kwenye mkeka wake, nzima. Nikaiangukia kama kuku anayefunika yai.

"Nella!" Gawie alikuwa amesimama. "Umechanganyikiwa?"

"Baruti ya mbweha," nikasema. "Nimeweka baruti ya mbweha kwenye risasi za Faan."

Gawie akaniangalia mimi, akamwangalia Faan. "Risasi za Faan? Wewe unamjazia Faan?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na kwa nini Faan ajaziwe?"

Faan aliinuka polepole, magoti yakilia. Alikuwa amepauka kama unga. "Kwa sababu sioni, bwana. Mzani siuoni. Nikamwomba mkeo. Nilidhani anakusaidia kuandika tu, basi aige unavyofanya wewe. Sasa cheka, tumalize."

Gawie hakucheka. Alitoa mikono mifukoni, akainyoosha mbele yake, mbele ya Ntate Rantsane na wanachama wengine wote. Ikacheza hewani, yote miwili, kama majani ya mpopla kwenye upepo.

"Hakuna anayenisaidia kuandika," alisema. "Zote anajaza yeye. Tangu Februari sijagusa baruti."

Faan aliitazama ile mikono. Halafu akasema, "Kwa hiyo lile kundi la matundu ya kizibo cha jemu..."

"La Nella."

"Mwezi mzima nimekosa usingizi kwa wivu juu yako, kumbe nilikuwa namwonea wivu shemeji!"

Ni Ntate Rantsane aliyeanza kucheka, yeye asiyecheka. Kisha wote. Mimi nililia tu, nimekaa kwenye mkeka, risasi mkononi.

Halafu tulifanya kazi. Faan alikuwa amekwisha kupiga kumi na mbili. Nane zilizobaki, ikiwemo ile iliyoruka kutoka kwenye bunduki, tulizifungua moja moja kwa nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi, tukamwaga baruti juu ya karatasi nyeupe. Ntate Rantsane alileta lenzi. Ya kwanza, ile niliyoifunika kwa mwili wangu, ilikuwa salama. Ya pili salama. Ya tatu chembe zake zilikuwa fupi, zina mng'ao. Ya nne pia. Hadi ya nane.

Sita. Alibakiza mbili tu azifikie.

Niliinuka nikamwambia Faan mbele ya watu wote kwamba nimekosa, na kwamba sitajaza tena risasi ya mtu yeyote maishani mwangu.

Faan alipangusa uso kwa kofia. "Shemeji, ungekuwa mtu wa kawaida usingepima mikebe leo. Ungekuwa unapika mchuzi, na mimi ningekuwa sina kichwa. Utajaza. Lakini mezani uweke mkebe mmoja, na mlango uwe wazi."

Na Gawie akaongeza, "Na siri ziishe. Zinatuua."

Jumapili, 16 Machi
Tumekwenda kanisani. Faan amekaa karibu yetu, akamwomba Gawie amsomee namba ya wimbo kwa sauti. Gawie akamwomba Faan ashike kitabu.

Jumatano, 19 Machi
Mlango wazi. Mkebe mmoja. Puseletso amekuja baada ya kazi kunisomea karatasi ya mkebe mara tatu kwa sauti kubwa, kama kisasi. "Mme, jina la dawa?" Nimejibu mara zote tatu.

Jumamosi, 22 Machi
Faan ameingia na gari lake la mizigo asubuhi, ameshusha kitu cha chuma kilichofunikwa gunia. Kiegemeo cha bunduki! Amekichomelea mwenyewe karakanani kwake, kwa kupapasa. Kina miguu mitatu na parafujo ya kupandisha na kushusha.

"Mchezo wa wodini," Gawie alisema, lakini alikuwa anakizunguka.

"Mimi ndiye niliyesema hivyo na mimi ndiye mpumbavu. Lala hapo."

Alilala palepale uani, kati ya kamba za nguo na bustani ya maboga, akaegemeza bunduki tupu. Mikono ilitetemeka, bunduki haikutetemeka. Alikaa vile muda mrefu hata mbwa akaja kumlalia miguuni. Alipoinuka, macho yake yalikuwa na maji.

"Parafujo imekwama kidogo," alisema.

"Haijakwama," Faan akasema. "Sema asante."

Jumamosi, 29 Machi
Ngurumo, uwanja umefungwa. Tumekula nyama choma barazani na kubishana juu ya upepo.

Jumamosi, 5 Aprili
Mita mia sita, kwa kiegemeo. Sitaandika matokeo, nisije nikayatia mkosi.

Jumamosi, 12 Aprili
Mashindano ya wilaya, mchezo wa wawili wawili. Mmoja anapiga kumi, kila risasi pointi tano kwa wingi, mwenziwe analala pembeni na darubini akimsomea upepo, kisha wanabadilishana. Klabu ya mji jirani imelichukua kombe miaka sita mfululizo. Nahodha wao, Lourens Swart, ni mtu mwembamba anayepaka losheni kwenye mikono kabla ya kupiga.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, nyasi zimeanza kugeuka rangi ya mkate. Niliziweka risasi kwenye kisanduku cha barafu, bila barafu, kivulini. Nilikwisha kujifunza kwamba baruti iliyoota jua hupandisha risasi juu. Lourens aliniuliza kama nina bia humo.

Faan alitangulia. Namba za darubini ya bunduki hazioni, kwa hiyo Gawie alimsomea na Faan akazungusha. "Kushoto mbili. Mbili, Faan, siyo ishirini!" Pampu za upepo zimemfundisha Gawie kitu ambacho hakuna kitabu kinafundisha; aliona nyasi zikilala kwenye mkondo wa maji kabla bendera hazijastuka. Faan alipiga kumi, akaangusha pointi mbili tu.

Kisha Gawie, bunduki juu ya kiegemeo. Watu walisogea. Wengine walikuwa hawajaiona mikono yake. Alipoingiza risasi, ilimchukua majaribio matatu, ikigongagonga chuma, na pale nyuma yangu mtu mmoja akaguna kwa huruma. Huruma ile ilimchoma. Akapiga haraka mno. Shabaha ikashuka shimoni wanakohesabu, ikapanda na alama: mbili. Mbili!

Faan hakuondoa jicho kwenye darubini. "Umemkosakosa sungura wa watu. Sasa amekimbia. Piga karatasi."

Mabega ya Gawie yakatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Alivuta pumzi. Akapiga tano. Tano. Tano. Upepo ukageuka, Faan, kwa jicho lake la mwewe, akaona bendera ya mbali kabisa ikining'inia, akasema, "Ngoja... ngoja, babu... sasa." Tano. Nilihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa koti. Tisa mfululizo, zote tano.

Klabu ya Lourens ilitushinda kwa pointi moja.

Nilimwendea Gawie nikitafuta maneno ya kufariji. Akanishika mabega. "Pointi moja! Nella, pointi moja!" Alicheka kama mtu aliyeambiwa amepata mtoto. "Kipofu na mtetemekaji na mama wa dawa, tumekosa kombe kwa pointi moja!" Faan alikuwa ameshaanza kumweleza kila mtu kwamba pointi hiyo ni ya Gawie, siyo yake, na kwamba ataikumbusha kila Krismasi. Gawie alimwita kipofu. Faan alimwita ungo. Ntate Rantsane alitupigia saluti.

Lourens aliiomba karatasi yetu ya shabaha. Alipitisha kidole juu ya matundu yale tisa. "Hizi hazijapanda wala kushuka. Hata kidogo. Nani anawajazia?"

Wote wakageuka kuniangalia. Sijawahi kuona haya tamu kama ile.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimefungua duka saa mbili. Lourens Swart na wenzake wawili walikuwa tayari mlangoni, wameendesha kilomita sitini, kila mmoja na mfuko wa maganda matupu chini ya kwapa, kama watu walioleta kuku. Puseletso aliwapanga foleni kabla sijavaa koti langu jeupe.

"Nimewauliza shida," aliniambia. "Wote watatu wanasema ni risasi."

Nikapita nyuma ya kaunta, nikanawa mikono, nikamwita wa kwanza.

"Cheti cha daktari kiko wapi?"